Jina Lililobaki kwenye Mashine

Kikao kiliitwa Jumapili saa tisa alasiri, na mshitakiwa hakuambiwa kwamba yeye ndiye mshitakiwa. Fundi alitoka kuoga, taulo begani, akakuta sebule yake imejaa wakwe. Mjomba wa mkewe alikuwa amelikalia kochi kubwa peke yake. Shemeji yake, kinyozi, alikuwa kwenye stuli karibu na mlango. Mkewe alikaa kwenye kiti cha meza ya kulia, mikono ameikunja kifuani kama mtu anayengoja jina lake liitwe hospitali. Mashine ya gemu, iliyokuwa ikikaa chini ya televisheni, ilikuwa imefunikwa kitambaa cheupe kama maiti.

"Kaa, mkwe wangu," mjomba alisema.

"Kuna nini? Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Ila yupo mmoja anataka kufia kwenye kioo cha televisheni."

Kinyozi alicheka peke yake, akaona dada yake hacheki, akajikoholesha.

Fundi alikuwa na miaka arobaini na minane. Alitengeneza televisheni, pasi, feni na redio kwenye kibanda cha mlango mmoja, na ncha za vidole vyake zilikuwa ngumu kama kwato kwa miaka ishirini na sita ya kushika lehemu ya moto. Pombe hakunywa. Nyumba ndogo hakuwa nayo. Mtaani kwake walikuwepo wanaume waliorudishwa nyumbani kwa toroli kila mwisho wa wiki, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuitiwa kikao. Alivaa shati, akakaa.

"Haya, mwanangu, sema," mjomba alimwambia mke.

"Mimi sina ugomvi na mtu," mke alianza, na wote wakajua ugomvi upo. "Lakini mwanamume anarudi saa kumi na mbili, salamu anaipa televisheni. Chakula naweka kinapoa, napasha, kinapoa tena. Bati linavuja miezi minne, ndoo iko pale chumbani, tumeizoea kama mpangaji. Juzi nimemweleza robo saa nzima habari za mwanetu kujifungua, mtoto alivyotanguliza miguu, walivyohangaika naye. Namaliza, naangalia atasema nini. Mwenzangu akasema, 'Goli!'"

Kinyozi aliinamisha kichwa, mabega yakimtetemeka.

"Ni kweli ulisema goli?" mjomba aliuliza.

"Nilifunga," fundi alisema.

"Mtu mzima! Mjukuu anatanguliza miguu, wewe unafunga!"

"Mjomba, na wewe si unacheza drafti? Kuanzia saa tatu asubuhi mpaka jua linazama, vizibo vya soda, kelele mtaa mzima. Mbona hujaitiwa kikao?"

Mjomba alijivuta mbele kwenye kochi. Alikuwa mtunza stoo mstaafu, na drafti ndiyo kazi pekee iliyokuwa imembakia. "Usichanganye mambo. Drafti ni akili. Drafti unacheza na mtu, unamwona jasho lake, unamsikia anavyolaani. Wewe unacheza na nani humo ndani? Na vikatuni! Hiyo yako ni vidole tu, kama mtu anayejikuna upele."

"Shem, mimi nakuheshimu," kinyozi alidakia, "lakini ukishika ile pedi ya gemu unatoa ulimi kama mbuzi aliyeona chumvi. Nimekuona mwenyewe. Nikasema, huyu ndiye aliyemuoa dada yangu?"

"Unacheza na nani humo ndani?" mjomba alirudia, maana alikuwa ameliona swali lake ni zuri.

Fundi alikitazama kile kitambaa cheupe. Jibu alikuwa nalo. Lilikuwa sentensi moja fupi, na alikuwa ameikalia kwa mwaka mmoja na miezi miwili.

Alikuwa anacheza na kaka yake.

Miaka mitatu nyuma mama yao alikuwa amefia katika nyumba hiyo hiyo, chumba kile chenye ndoo, baada ya kuugua miezi minane. Mke wa fundi ndiye aliyemwogesha, akamgeuza asichubuke mgongo, akamnywesha uji kwa kijiko cha mtoto, kijiko kwa kijiko, hata pale koo la mzee lilipoziba na nusu ya uji ikawa inarudi kwenye kanga. Kaka mkubwa alikuwa dereva wa malori ya masafa. Katika miezi minane alipita mara mbili. Mara ya pili alimkuta mama mifupa mitupu, akaondoka bila kuaga. Na siku ya mazishi, udongo haujakauka, alisimama mbele ya watu akamnyooshea kidole shemeji yake. "Mama yangu kauawa na njaa," alisema, "na aliyemnyima chakula ni huyu hapa."

Mke alikaa chini pale pale aliposimama. Aliyejibu ni fundi. Alisema kuanzia siku hiyo hana kaka, na kwamba akisema naye neno lolote, mama yake asimsamehe huko aliko. Watu walisikia. Kiapo cha makaburini hakina mlango wa nyuma.

Baadaye habari zikaja kwamba dereva ameumia mgongo, lori kaliacha, anashinda nyumbani na mto kiunoni akicheza gemu. "Mungu si wa mtu mmoja," mke wa fundi alisema, akaendelea kuchambua mchele. Mwaka uliofuata mteja mmoja alileta mashine ya gemu iliyokuwa ikichemka na kujizima, akahama mji, hakurudi tena. Fundi aliisafisha, akaibadilisha feni, akaipeleka nyumbani kuijaribu. Ilipomwuliza jina, aliandika lile walilomwita utotoni kwa wembamba wake: Sindano. Halafu, kidole kikienda chenyewe, alitafuta jina lingine, lile walilomwita kaka yake: Kifaru. Lilikuwepo. Pembeni yake palikuwa na taa ndogo ya kijani, maana yake mwenyewe yupo macho, pedi mkononi, maili mia tatu kutoka pale.

Hakuandika neno. Kiapo kilikataza neno, mpira hakikuutaja. Alibonyeza pale panapoomba mechi, akasubiri, moyo ukimdunda kama mwizi. Dakika haikupita.

Alifungwa sita bila. Kifaru alicheza vile vile alivyocheza na mpira wa matambara uani kwao, anakwenda mbele tu kama kichaa, nyuma amepaacha wazi kama soko. Mechi ilipokwisha fundi alikwenda bafuni, akafungulia bomba, akalia.

Tangu siku hiyo, saa kumi na mbili na robo mpaka saa mbili, walikuwa pamoja. Hawakuandikiana hata salamu. Lakini Kifaru akichelewa siku ya Jumanne, fundi alijua ni kliniki. Akicheza taratibu, alijua mgongo umeamka vibaya. Akifungwa, aliomba marudiano papo hapo, maana tangu utoto hakuwahi kulala akiwa amefungwa.

Hayo ndiyo yaliyokuwa nyuma ya neno "goli." Angeyasema pale, kikao kingegeuka. Lakini mkewe alikuwa mbele yake, mikono kifuani, na alama ya kile kidole bado anayo. Angemwambiaje? Kwamba mwaka mzima na zaidi, kila jioni, amemkaribisha sebuleni kwake mtu aliyemwita muuaji? Tuseme kama ilivyo: fundi aliogopa. Alimwogopa mkewe, alikionea aibu kiapo chake, na woga huo akaupa jina la heshima.

"Nacheza na watu tu," alisema. "Wa mtandaoni."

"Ndiyo hao hao vikatuni," mjomba alisema, akahukumu. Mashine itoke nyumbani. Isiuzwe, maana kuuza ni tamaa. Aichukue kinyozi akaiweke saluni, wateja wajiliwaze wakisubiri zamu. Mtu mzima arudi kwenye nyumba yake, bati lizibwe, chakula kiliwe kikiwa cha moto. Kinyozi alikubali upesi mno kwa mtu aliyekuja kusuluhisha.

Fundi alizikunja mwenyewe nyaya zake. Sasa, fundi yeyote anajua: kifaa kikibadilisha mikono, unafuta ya mwenyewe wa kwanza. Alikuwa amewafutia wateja mia kadhaa, anafanya hivyo hata usingizini. Alifika kwenye ukurasa wa kufuta, akasita. Akilifuta jina, Kifaru atatafuta Sindano na hatamkuta. Atadhani amekatwa. Ataona kile kiapo kimerudi. Lakini akiliacha, taa ya kijani itakuwa inawaka saluni mchana kutwa, na kaka yake ataona kwamba Sindano bado yupo, yu hai, hana kinyongo. Alijiona mjanja. Akaliacha, akaifunga mashine kwenye boksi, akamkabidhi shemeji yake mlangoni na pedi mbili.

Simu alikuwa nayo mfukoni, na namba ya kaka yake ilikuwemo. Hilo nalo lisemwe.

Nyumba ilitengemaa. Bati lilizibwa, ndoo ikarudi jikoni. Mke alikuwa akipakua chakula cha moto na kukaa naye, akimpa habari za mtaa, na mara nyingine walicheka. "Unaona sasa," alimwambia siku moja, akimwongezea mboga, "ulikuwa umepotea kabisa, baba watoto. Nilikuwa kama mjane mwenye mume." Alisema kweli, na fundi alijua ni kweli. Alikula, mkono wa kushoto ukikosa kazi chini ya meza.

Mwezi wa pili baada ya kikao alipita saluni kunyoa. Kitini palikuwa na mteja, povu nusu uso. Kwenye benchi, jitu zima la miraba minne, mbeba mizigo wa ghalani, lilikuwa limeshika pedi, ulimi nje. Kwenye kioo cha televisheni: Sindano tatu, Kifaru bila.

"Huyu Kifaru ni bwege wetu," kinyozi alimwambia shemeji yake, mkasi hewani. "Kila siku anafungwa, kila siku anarudi. Wanamtukana, wanamkatia mechi katikati, kesho yupo. Sijui hana kwao?"

"Anacheza na nyuma wazi," jitu lilisema. "Kama mlango wa choo cha stendi."

Benchi zima likacheka. Fundi alisimama mlangoni. Kifaru aliyemjua yeye alikuwa akifunga sita. Aliona kwamba jambo haliko sawa. Mtu aliyetazama saketi kwa miaka ishirini na sita anajua pale umeme unapopita sipo. Mguu mmoja ulikuwa ndani. Angesema, nipe hiyo pedi dakika mbili. Lakini wangecheka, na jioni dada mtu angeambiwa kwamba mumewe amerudia ulevi wake.

"Nitanyoa kesho," alisema, akaenda zake.

Siku tisa baadaye, asubuhi, akiwa kibandani na feni ya mtu imefunguliwa tumbo, simu ililia. Ilikuwa namba ya kaka yake. Alifuta mikono, akapokea, na kiapo chote kikamtoka kwa neno moja. "Kaka," alisema.

Aliyejibu alikuwa mke wa kaka. "Shemeji, mwenzetu ametutoka. Amepasuliwa mgongo Alhamisi, hakuamka. Tunazika kesho."

Walisafiri wote wawili, fundi na mkewe. Mke hakuulizwa kama atakwenda. Alifunga kanga mbili, akatangulia kituoni, akasema tu kwamba maiti haina ugomvi. Walifika wakakuta kaburi limeshachimbwa. Fundi alipoinama kuchukua udongo, aliona wazee wa ukoo wanamtazama kisha wanatazamana, akadhani ni kile kiapo wanakikumbuka. Alipowapa mikono, waliitoa baridi.

Watu walipopungua, mjane alimwita chumbani. Mke wa fundi alifuata. Kilikuwa chumba cha mgonjwa: kitanda, mto wa kiuno, dawa kwenye kopo la maziwa, televisheni ndogo, na chini yake mashine kama ile ile. Mjane aliiwasha. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa amechoka tu, kama mtu anayetua mzigo wa mwenzake.

"Shemeji, mimi mambo ya gemu siyajui," alisema. "Nilikuwa namgombeza kila siku, mtu mzima, wajukuu wanne. Akaniambia, niache, humu ndimo nakutana na mdogo wangu. Nikamwacha. Miezi hii miwili alikuwa anasema, Sindano siku hizi ananitukana, ananikimbia mechi katikati. Nikamwambia basi acha. Akasema hapana, ana hasira zake za haki, acha azimalize. Akawa anajifungisha, ufurahi. Yule mtu, ajifungishe! Halafu Jumatano, kabla ya kwenda kulazwa, alikaa hapo kitandani akaandika. Saa nzima, kidole kimoja kimoja. Soma mwenyewe."

Maneno yalikuwa makubwa, meupe, kioo kizima.

*Sindano mdogo wangu. Kesho napasuliwa na daktari hajanificha kitu. Nilichosema siku ya kumzika mama ni uongo. Ile mara ya mwisho mama mwenyewe aliniambia mkeo ndiye aliyemfanya aishi mpaka siku ile. Niliona aibu kwamba si mimi, nikatafuta wa kumbebesha. Mwombe mkeo anisamehe. Nipigie simu leo, hata kama ni kunitukana.*

Chini yake, dakika mbili baadaye, kwa jina la Sindano:

*Cheza mzee acha kulia.* Na nyuso tano za manjano zinazocheka mpaka machozi.

"Alisoma," mjane alisema. "Akasoma tena. Akazima. Akaniambia, nifungie begi langu. Simu aliiweka hapo, akaitazama mpaka gari la hospitali likaja. Nami nikakaa nikijiuliza, huyu mtu moyo wake umetengenezwa na nini?"

Fundi alisoma tena yale maneno ya chini.

"Si yeye aliyeandika, dada," mke wake alisema kutoka nyuma. Sauti yake ilitoka nyembamba. "Mashine tulimnyang'anya sisi. Iko saluni kwa mdogo wangu. Wanacheza wateja."

"Jina ni la nani?"

"La kwake."

"Nani aliliacha?"

Mke alimtazama mumewe. Alikuwa hajawahi kujiuliza.

"Mimi," fundi alisema. "Nilitaka aone nipo."

Mjane alitikisa kichwa polepole, akazima televisheni, akaifunika kwa kanga. "Basi alikuona," alisema. Akatoka kwenda kuwapa watu maji.

Kituoni walikaa kwenye benchi la zege, mfuko wao katikati. Gari la kurudi lilikuwa bado. Mbele yao wanaume wawili wazima, mpiga debe na muuza karanga, walikuwa wakibishana juu ya mechi ya jana kwa kelele za watu wanaotaka kuuana, na hakuna aliyewashangaa.

"Mwaka mzima," mke alisema. "Sebuleni kwangu. Mimi naleta chai, naweka mezani, kumbe nawawekea wawili."

"Sikusema naye neno."

"Usinichekeshe siku ya msiba." Alivuta kanga. Akasema, "Ungeniambia."

"Ungekubali?"

Alifikiri. Hakuwa mwanamke wa kudanganya ili aonekane mwema, na fundi alimpendea hilo tangu zamani. Mpiga debe alimaliza hoja yake, muuza karanga akaanza upya.

"Hapana," alisema. "Nisingekubali. Ningeivunja kwa mchi."

"Haya."

"Lakini ungejua umechagua nini. Na mimi ningejua. Sasa hivi sote tumefanya kitu ambacho hakuna aliyekichagua."

Fundi alitaka kusema kwamba yeye alichagua; kwamba pale mlangoni mwa saluni, mguu mmoja ndani, alichagua. Hakusema. Alikuwa amezoea.

"Miaka mitatu," mke alisema, akitazama barabara. "Nimekwepa misiba ya ukoo wenu, nimekwepa harusi. Nikiingia jikoni kwa watu nasikia mazungumzo yanakatika. Nilikuwa nataka neno moja tu kwa yule mtu. Aseme, 'Nilikosea,' basi. Nisingemwomba hata chai."

"Ameliandika. Umelisoma."

"Nimelisoma kwenye televisheni," alisema, "na chini yake watu wanacheka."

Gari lilikuja limejaa. Palikuwa na nafasi mbili, moja mbele kwa dereva, nyingine nyuma kabisa. Mke alipanda mbele. Fundi alibeba mfuko, akapita katikati ya magoti ya watu akiomba radhi, akaenda kukaa nyuma.